Uzi: Kota za hospitali zina historia kuliko wodi. Kwa nini Uganda tusigeuze moja iwe makumbusho?

Mtoto wa Kota (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite salama.

Nimekulia kwenye kota za hospitali moja ya misheni hapa Uganda. Jina naliweka kando, maana si yote nitakayosema yatawapendeza. Mama alikuwa mkunga, baba dereva wa malori ya Mombasa–Kampala, ndiyo maana kwetu Kiswahili kilikuwa cha sebuleni na Kiganda cha uani. Kota yetu ilikuwa ya tatu kutoka leba: vyumba viwili, jiko la nje, bati lililopauka, na dirisha la mbao upande wa kitanda cha mama.

Hilo dirisha ndilo limeniamsha usiku huu niandike. Mama akihitajika usiku, askari wa zamu hakugonga mlango, kwa sababu mlango ungeamsha laini nzima pamoja na watoto wote. Alikuja dirishani, akagonga kwa rungu mara mbili, chini kidogo ya komeo. Askari walikuja wakaondoka, mahali pa kugonga palibaki palepale. Miaka ishirini na kitu ya rungu ikachimba kishimo kwenye ule ubao, rangi ikatoka, mbao ikalainika kama mpini wa jembe la zamani. Ukiweka kidole gumba kinaingia na kutulia. Nikiwa mdogo nilidhani madirisha yote duniani yana kishimo.

Wiki iliyopita nilipita pale. Laini nzima imepigwa X nyekundu. Zinavunjwa, panajengwa ghorofa. Ghorofa sina ugomvi nalo, wauguzi wa leo wana haki ya maji ya bomba ndani. Kilichonikata maini ni chumba cha mwisho, kilichokuwa stoo. Rejista za wodi ya wazazi zimetolewa nje, zimelundikwa kwenye nyasi, na kijana mmoja anachana kurasa kuwashia moto wa chai ya mafundi. Nikamuuliza. Akanijibu kwa adabu kabisa: "Ssebo, wamesema ni takataka."

Sasa hoja yangu. Tukisema makumbusho ya afya watu wanawaza vitanda vya chuma na picha za wazungu wenye masharubu. Mimi nasema ichukuliwe kota moja, yenye jiko lake na dirisha lake, iwe makumbusho. Wodini utaona ugonjwa ulivyotibiwa. Kwenye kota utaona aliyetibu alilala saa ngapi, alikula nini, na nani alimwamsha. Naendelea chini.

---

Mtoto wa Kota

Tuanze na Mengo, hospitali kongwe kuliko zote nchini. (Wageni msichanganyikiwe: inaitwa Mengo lakini iko kwenye mteremko wa kilima cha Namirembe.)

Februari 1897 msafara wa wamisionari wa Kianglikana ulifika hapa baada ya safari ya miguu ya karibu miezi mitatu kutoka Mombasa. Reli ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kujengwa mwaka uliotangulia, na haikugusa ziwa hadi 1901. Ndani ya msafara walikuwamo daktari wa miaka 26, Albert Cook, na muuguzi Katharine Timpson. Dawa na visu vya upasuaji vilikuja vichwani mwa wapagazi, na misafara ya pwani lugha yake ilikuwa Kiswahili. Kwa hiyo wale wanaosema Kiswahili Uganda ni lugha ya wanajeshi na wezi, waambieni hata hospitali ya kwanza ilibebwa na Waswahili.

Tarehe 22 Februari, siku chache tu baada ya kufika, Cook akaanza kuona wagonjwa. Mei mwaka uleule kukawa na hospitali ya matete na nyasi. Mwaka 1899 mdogo wake, Jack, naye daktari, akamfuata. 1900 Albert na Katharine wakaoana, na hospitali kubwa zaidi ikafunguliwa. Novemba 1902 radi ikaipiga ikateketea. Walipojenga tena walijenga kwa tofali, ikawa tayari 1904. Radi haikuwa imemaliza kazi Namirembe: mwaka 1910 ikachoma na kanisa kuu. Aliyewahi kuishi kile kilima miezi ya mvua hashangai.

Katikati ya hayo, mwanzoni mwa 1901, ndugu hawa wawili wakaanza kupokea wagonjwa wa namna ambayo hawakuwahi kuiona hapa. Watu wanasinzia mchana, wanakonda, shingo inashindwa kubeba kichwa. Waganda waliuita mongota. Ndiyo malale, ugonjwa wa mbung'o. Kwenye fukwe za Busoga na Buganda na visiwa vya ziwa inakadiriwa watu zaidi ya 200,000 walikufa katika miaka michache, hadi serikali ikaamua kuhamisha wakazi wa ufukweni na visiwani kwa amri.

Tunajuaje kwamba ilikuwa 1901, na Mengo? Kwa sababu Cook alikuwa na tabia ya kuandika. Kila mgonjwa aliyelazwa aliandikiwa maelezo yake, na mafaili hayo tangu 1897 yakafungwa, yakahifadhiwa. Leo yapo kwenye maktaba yenye jina lake pale Mulago, kwenye chuo cha udaktari cha Makerere. Mtu mmoja hakuyaita takataka, basi.

---

Mnubi wa Bombo

Mtoto wa Kota, umeandika vizuri lakini umeruka kitu. Mwaka huohuo wa 1897 askari wa Kinubi, waliotoka Sudan kuitumikia serikali ya Waingereza, waliasi. Mishahara midogo na ya kuchelewa, safari zisizoisha, halafu wanaambiwa waende kaskazini waache wake zao. Wakajifungia kwenye ngome ya Luba, Busoga. Serikali ikawazingira, na daktari wa upande wa serikali alikuwa huyohuyo Cook wako, hata mwaka hajamaliza nchini. Mmisionari mwenzake, Pilkington, alipigwa risasi akafa Desemba.

Mimi ni mjukuu wa waliokuwa ndani ya ngome. Kwetu hadithi hii inasimuliwa na bibi akipepeta mchele, na ndani yake hakuna daktari. Kuna njaa na kuna wanawake waliokuwa wanachota maji usiku. Makumbusho yako yakijengwa, naomba chumba kimoja kisiwe na Cook.

---

Mtoto wa Kota

Mkuu, nimekubali na nimefunga mkanda. Chumba ni chako. Kota ya nne, jirani na yetu, iliishi familia ya Kinubi, baba yao dereva wa gari la wagonjwa, na mama yao ndiye aliyemfundisha mama yangu kusuka vile vifuniko vya rangi vya vyakula. Kile kifuniko kipo mpaka leo, kinafunika matooke.

---

Kigugumizi

Kila uzi wa historia ya Uganda lazima uanze na mzungu kashuka na sanduku. Kabla ya 1897 watu walikuwa hawaumwi?

---

Mwalimu wa Hoima

Kigugumizi umeuliza swali zuri kwa hasira, acha nikujibu kwa upole.

Mwaka 1879, miaka 18 kabla ya Cook, Mwingereza mmoja aliyekuwa akisomea udaktari, Robert Felkin, alipita Bunyoro, mahali paitwapo Kahura. Akashuhudia mganga wa Kinyoro akimpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Aliyeyaona aliyachapisha 1884, na wakubwa wake Ulaya wakabaki wanakodoa macho, kwa sababu kwao wakati ule upasuaji huo uliwaua wanawake wengi.

Mama alikuwa na umri wa kama miaka 20, mimba ya kwanza. Akanyweshwa pombe ya ndizi hadi akalegea. Mganga akanawa mikono kwa pombe hiyohiyo, akamuosha tumbo, kisha maji. Akakata katikati, kuanzia juu kidogo ya kinena hadi chini ya kitovu. Msaidizi wake akagusa penye kuvuja damu kwa chuma cha moto. Mtoto akatolewa, kondo likatolewa, mganga akaliminya tumbo la uzazi lijikaze. Kidonda kikafungwa kwa vijiti saba vya chuma, vikazungushiwa uzi wa gome la mti, lubugo. Juu yake dawa ya mizizi iliyotafunwa, jani la ndizi, na kitambaa kikakazwa. Siku ya sita vijiti vyote vilikuwa vimetoka. Siku ya kumi na moja kidonda kimepona, mama na mtoto wazima.

Mtu hapasui namna hiyo kwa kubahatisha. Yule mganga alifundishwa na mtu, naye alifundishwa na mtu. Jina lake Felkin hakuliandika. La Felkin mwenyewe tunalo.

---

Kigugumizi

Mwalimu, hapo umenifunga mdomo. Kwa hiyo kuna Mnyoro aliyenawa kwa pombe kabla ya Cook kufika, na jina hatuna. Naunga mkono hoja ya makumbusho, ila kizingiti cha mlango kiandikwe kwa Kinyoro.

---

Sista Mstaafu

Wanangu, habari za leo. Mimi nimevaa kofia nyeupe miaka 34, kota nimezijua zote, za maji na zisizo na maji.

Mtoto wa Kota, nakupenda bure lakini kwenye rejista twende polepole. Ile rejista ya wazazi ina jina la mama, kijiji chake, mimba ya ngapi, kipimo cha damu kimesema nini, mtoto kazaliwa hai au la. Nyingine zina jina la baba ambaye si yule mnayemjua. Ukiiweka wazi kwenye meza ya kioo, siku ya pili mtu atamkuta bibi yake. Sisi tulikula kiapo. Ziokolewe, zisichomwe, lakini zifungwe. Anayetaka kuzisoma kwa utafiti aje na barua.

Na mkitaka kuonyesha maisha ya kota, msisahau wanga. Hakuna aliyetuletea wanga wa dukani. Tulikuwa tunakuna muhogo mbichi, tunauchuja kwa kitambaa, tunaacha maji yatulie, ule ute mweupe wa chini tunaupika uji mwepesi. Kofia inatumbukizwa, inaanikwa kwenye bati la jiko, halafu pasi ya mkaa. Ukizidisha wanga kofia inapasuka ukigeuka. Ukipunguza, metroni anakuona toka mlangoni masikio ya kofia yamelala kama ya mbuzi mgonjwa. Jumapili jioni laini nzima ilinuka muhogo na mkaa.

Ndipo tulipofundishana kazi, si darasani. Mke wa Cook ndiye aliyeanzisha shule ya wakunga pale Mengo, miaka ile ya baada ya vita vya kwanza, wasichana wa hapa wakafundishwa, na Cook akawaandikia kitabu cha ukunga kwa Kiganda. Sawa. Lakini namna ya kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya bila kumuumiza mama, mimi nilionyeshwa jikoni na mkunga wa kota ya pili, kwa mdoli wa majani ya ndizi na beseni la sufuria.

---

Mtoto wa Kota

Sista, nimesoma hili mara mbili. Kuhusu rejista umenirudisha kwenye mstari, nilikuwa na hasira sikufikiria. Zitafungwa.

---

Dogo wa Arua

Wa West Nile nipo. Sista amesema zisichomwe, acha niwape mfano wa kwetu.

Kuluva, nje kidogo ya mji wa Arua, kuna hospitali ya misheni iliyoanzishwa na ndugu wawili madaktari, Ted na Peter Williams. Hawa nao walikuwa na ugonjwa wa kuandika. Kila mgonjwa, kijiji chake, tarehe.

Mulago nako kulikuwa na daktari mpasuaji, Denis Burkitt. 1957 akaonyeshwa mtoto mwenye uvimbe kwenye taya, pande zote za uso. Baadaye akaona mwingine hospitali nyingine. Akaanza kuuliza: uvimbe huu uko wapi, na wapi haupo? Oktoba 1961 yeye, Ted Williams na daktari mwingine, Cliff Nelson, wakaingia kwenye gari kuukuu aina ya Ford, wakazunguka wiki kumi, kilomita kama 16,000, hadi kusini mwa Afrika, wakiingia hospitali zaidi ya 50 na kuonyesha picha: mmewahi kumwona mtoto wa hivi? Wakagundua uvimbe unafuata joto na mvua, unakwepa nyanda za juu zenye baridi. Unakwenda kule kule kwenye malaria. 1964 kirusi kikapatikana kwenye chembe za uvimbe huo, kile cha Epstein na Barr. Kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu.

Na baada ya hapo watafiti walirudi kwenye makaratasi ya Kuluva kuona wagonjwa wa West Nile walitokea vijiji gani na miaka gani. Kama kuna kijana angewashia chai zile karatasi 1960, wasingekuwa na cha kurudia.

---

Mhaya wa Mpakani

Mimi niko upande wa Kagera, Uganda naingia kwa biashara ya ndizi na kahawa. Nimewahi kufika Bagamoyo. Pale misheni, makumbusho yao yako ndani ya nyumba ya zamani ya masista, iliyojengwa 1876. Hawakujenga jumba jipya. Walichukua nyumba ambayo watu waliishi, wakapanga vitu. Nilipopanda ngazi nilihisi naingia kwa watu, nikataka kubisha hodi.

Na nimesoma kuhusu Lambaréné, Gabon, hospitali ya Albert Schweitzer. Wagonjwa walihamishiwa majengo mapya, ile ya zamani pamoja na nyumba aliyokaa mzee ikawa makumbusho. Kwa hiyo Mtoto wa Kota, wazo lako halijatoka hewani.

---

Boda wa Wandegeya

Samahani wakubwa. Mimi juzi nimempeleka mama mjamzito hospitali, tumekuta wawili kitanda kimoja. Halafu nyie mnataka nyumba nzima ikae na pasi ya mkaa? Hela hiyo inunue kitanda.

---

Mtoto wa Kota

Kaka, hoja yako ni ya kweli na sitaipuuza. Kama ni kuchagua kati ya kitanda na pasi ya mkaa, nunua kitanda. Ila pale hakuna aliyewahi kutuambia tuchague. Kota inavunjwa hata hivyo, na rejista zinaungua bure, hakuna kitanda kilichonunuliwa kwa majivu yake.

Halafu angalia hata makumbusho ya taifa yalianzaje. 1908 hayakuwa na jengo. Vitu viliwekwa kwenye ngome ya Lugard, yule ofisa wa kikoloni wa Kiingereza, pale Old Kampala, kilima ambacho leo kina msikiti mkuu. Kwa kuwa vingi vilikuwa vitu vya ibada vilivyochukuliwa kwa watu, Waganda wakapaita Nyumba ya Mayembe (pembe za mizimu), wengine hata kupita karibu hawataki. Nyumba ya askari ikalala mizimu ya watu. Wakati wa vita vya pili vikahamishiwa Makerere, na 1954 ndipo likafunguliwa jengo la Kitante. Na hilo nalo mwaka 2011 lilipangiwa kubomolewa lije jumba la biashara la ghorofa 60. Watu wakaenda mahakamani, wakapiga kelele magazetini. Ghorofa 60 haikuja. Kitante bado ipo, wanafunzi wanaingia kila siku wakiwa na soda mkononi.

Sidai jumba. Nadai kota moja, vyumba viwili.

---

Sista Mstaafu

Boda, mwanangu, yule mama alijifungua salama?

---

Boda wa Wandegeya

Salama Sista. Msichana. Mkunga aliyempokea alikuwa amekaa zamu mbili mfululizo, aliniomba nimrudishe nyumbani asubuhi, Kawempe huko, hospitali haina kota za kuwatosha. Alisinzia mgongoni kwangu, nikawa naendesha mkono mmoja, mwingine nimemshika asidondoke.

---

Mnubi wa Bombo

Hiyo iandikwe mahali.

---

Mtoto wa Kota

Mrejesho wa leo jioni.

Rejista: nilikuwa nimekuta kama thelathini kwenye nyasi. Zimepona kumi na moja. Nyingine ama zimeungua, ama mvua imezifanya uji. Nimekwenda kwa mhusika, hakunifukuza, amesema niandike barua, na zikae kwake kabatini zimefungwa hadi ipatikane maktaba ya kuzipokea. Nimeziona zikiingia kabatini na kufuli limepigwa. Kabla ya hapo tulizikausha kwenye veranda ya jirani, mimi na yule kijana wa chai, tukiweka gazeti kati ya kurasa bila kusoma, Sista. Kijana akaniuliza kama yake ipo. Alizaliwa palepale. Nikamwambia aulize mama yake mwaka, atafute kwa barua kama watu wengine.

Kota: jibu ni hapana. Mkataba umeshasainiwa, laini zote zinakwenda. Nimeomba angalau wapige picha na kupima vyumba kabla ya kuvunja, hilo wamekubali, na nimepima mwenyewe kwa futi ya fundi. Chumba cha mama ni futi kumi kwa tisa. Kumbukumbu yangu ilikuwa inakipa ukubwa wa ukumbi.

Dirisha: nilimpigia mama simu nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Upande upi, wa komeo?" Nikamwambia ndiyo. Akasema mwanzoni hapakuwa na kishimo, kulikuwa na msumari umechomoza, askari wa kwanza akawa anaupiga uingie kila anapokuja kumwita. Miaka yote nilidhani walichagua mahali. Kumbe walikuwa wanapigilia msumari.

Fundi mkuu anataka shilingi 150,000 kwa dirisha bovu, anasema mbao ni mvule. Kweli ni mvule. Nimefika 80,000. Kesho saa mbili asubuhi wanaanza na laini ya juu, yetu ni ya pili. Mwenye pikapu na yuko tayari kuamka mapema, naomba aniandikie pembeni, mafuta juu yangu.